Feni za Jirani na Tabaka Zilizonuniana

Mama,

Nakuandikia nimekaa jikoni kwetu Mtoni, mbele yangu pamejaa feni mbovu za watu, na kosa ni lako.

Ni wewe uliyewatangazia kwamba mwanao aliye ng'ambo anasomea umeme na sumaku. Sasa kila anayekuja kunipa pole ana feni kwapani. Bi Zuhura wa nyumba ya pili kalia kweli kweli, kajifuta machozi, kisha akaniambia, "Hii yangu haizunguki, mwanangu, hebu itazame." Nifanyeje? Feni sijui hata kuifungua.

Nimekasirika, Mama. Nimekasirika kwamba nilifika umeshazikwa. Nimekasirika na Ami, mdogo wake marehemu Baba, anayetaka nisirudi tena chuoni. Ameshanitafutia kibanda cha kutengeneza feni Mwanakwerekwe. "Umeme ushasoma, sumaku ushasoma, utashindwa na feni?" Nikimweleza kazi yangu ananitazama kama niliyechanganywa na msiba.

Wewe hukuwahi kunitazama hivyo. Unakumbuka nilivyokueleza kwenye simu, nawe unakuna nazi? Nilikwambia kuna mawe yenye tabaka tabaka, tunayabandua kwa selotepu mpaka zibaki tabaka mbili nyembamba mno. Kila moja ni sumaku, moja inaelekea juu, mwenziwe chini. Ukasema, "Aa, zimenuniana." Nikakwambia tunataka kuzielekeza pamoja kwa umeme usiopita ndani yake, unaosimama pembeni tu, ili siku moja simu itunze mambo yake bila kuchemka mkononi. Ukacheka. "Kama mimi nikisimama mlangoni nyinyi mnagombana. Siwagusi, na mnanyamaza." Nikabisha, nikasema sivyo hasa. Kesho yake mtaa mzima ukajua kwamba napatanisha sumaku.

Juzi mwenzangu wa maabara kaniletea ujumbe. Zimegeuka, Mama! Akiongeza umeme zinaelekea upande mmoja, akiupunguza zinanuniana tena. Vipande vyote vile vilivyotuharibikia kwa unyevu, halafu hiki kimoja kinakubali na mimi siko... Nikaita "Mama!" kabla sijakumbuka. Hakuna aliyeitikia. Nililia kwa hasira.

Na usifurahi sana. Inafanya kazi kwenye baridi kali kupita barafu yoyote uijuayo. Kila tukizungumza ulikuwa ukiniuliza, "Na kwa joto letu la hapa?" Jibu ni lile lile. Kwa joto la Mtoni usumaku wote unapotea. Ndiyo maana lazima nirudi.

Jana Ami kaja na ufunguo wa kibanda. Kaka akadakia, dada akadakia, sauti zikapanda, na mimi nikajikuta natazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Basi nikainuka, nikaenda kusimama pale mwenyewe, nikamweleza Ami kwa maneno yako: zimenuniana, nazipatanisha bila kuzigusa. Sauti zikashuka. Ami akautia ufunguo mfukoni, kisha akauliza, "Na kwa joto letu la hapa?"

"Bado, Ami," nikamwambia. "Ndiyo njia nnayokwenda kuitafuta."

Kwa heri, Mama. Mungu akupe nafasi na ubaridi huko uliko. Siku itakapofanya kazi kwa joto la jiko hili, nakuahidi nitakuja kaburini kukwambia wewe kwanza, nawe umtangazie umtakaye.

Feni ya Bi Zuhura nimemrudishia vile vile, haizunguki.

Mwanao,
Salma