Trela Lililokaa Juu ya Mbao

Canora, Saskatchewan
Novemba

Dada yangu mpendwa Nadia,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Vipi magoti, na hilo jua la Arizona unalojisifia kila ukipiga simu? Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa mno. Juzi nilipika pirogi, vile vitumbua vyetu vya viazi, za watu wawili, na mpaka leo nazila mwenyewe.

Umeniuliza tena kwa nini siji, nami nimejibu tena kwamba matairi ya trela letu la kulala safarini hayaaminiki. Ungeona ninavyoyatunza! Kila vuli nayaosha kwa maji na sabuni, nayajaza upepo, kisha nayafunika kwa vifuniko vyeupe alivyoshona marehemu mke wangu Doreen, jua lisiyapasue. Trela lenyewe linakaa juu ya mbao, matairi yasilale kwenye kokoto zenye barafu. Na kwa kuwa tairi likikaa sana upande mmoja hubonyea, kila mwezi napiga jeki na kuyazungusha kwa mkono, moja moja.

Wiki iliyopita jirani yangu Lloyd alinikuta nimelala chali kwenye theluji, nahema. Alicheka mpaka akajishikiza kwenye uzio. Akasema mzee wewe una kichaa, wenzio wanalivuta trela mbele kidogo, wanalirudisha, kazi imekwisha. Kisha akachungulia ubavuni mwa tairi, akasoma mwaka lilipotengenezwa, akauliza hayo matairi mabovu ninayoyalilia yako wapi, mbona haya mapya? Nikamwambia aende zake, supu yake inapoa.

Wewe nikuambie ukweli, dada. Matairi ni mazima. Tuliyanunua mimi na Doreen kiangazi kile cha mwisho. Unajua sikuwahi kuweza kupiga rivasi. Yeye ndiye alikuwa anasimama nyuma, anapunga glavu zake nyekundu na kunifokea: kushoto, kushoto wewe mwanamume, njoo, njoo, haya basi, simama! Mara ya mwisho alisema simama, nikasimama. Trela limekaa papo hapo miaka mitatu. Niliogopa kulisogeza hata kidogo, kwa sababu sitaweza kulirudisha pale alipoliweka. Nimemkumbuka, Nadia. Nimemkumbuka vibaya sana.

Leo asubuhi nimevua vifuniko, nikalifunga kwenye gari, nikalivuta. Limeteremka kwenye mbao bila shida yoyote. Sasa liko mbele ya nyumba. Nimesimama dirishani kitambo kirefu nikizitazama zile mbao tupu, theluji inazifunika. Lloyd amepita, na safari hii hakucheka.

Barua hii itangulie, mimi nafuata. Nisalimie shemeji Stefan, umwambie asijisumbue kutoka nje kunipokea. Nikifika, wewe ndiye usimame nyuma ya trela, dada, wala usinionee haya. Nifokee.

Mdogo wako akupendaye,
Wasyl