Viganja Vyeupe kwenye Gauni Jeusi

Tarehe 4 Februari

Kwako Fundi Cherehani,

Salamu. Natumaini u mzima na cherehani yako haijambo. Nakujulia hali kwa sababu barua ndivyo inavyoanza, si kwamba nimekuwa nikikuwaza. Sisi huku tunaendelea hivyo hivyo, ila mume wangu ni mgonjwa sana, na ugonjwa wake ndio ulionishikisha kalamu. Nimeandika "mume wangu" makusudi, ili tusipotezeane muda.

Daktari amesema ni mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu. Inatokana na vumbi la asbesto. Mtu analivuta ujanani, linakaa kifuani kimya miaka na miaka, watoto wanazaliwa, wanasoma, wanaolewa, ndipo linaamka. Tumefungua madai dhidi ya kile kiwanda cha karatasi alichofanyia kazi zamani. Kiwanda kinajibu kwamba yeye alikuwa mtunza ghala tu, asbesto hakuigusa. Majalada ya miaka ile wameshayatupa. Wakili wetu anasema bila mtu aliyemwona akilishika vumbi lile, madai yanakufa kabla ya mgonjwa.

Mwenyewe akisema maneno mawili inabidi apumzike. Nimezunguka kwa wastaafu wa kiwanda nikitaja jina lake kamili, wananitumbulia macho. Hawamjui. Basi imebaki wewe, kwa kuwa miaka ile hakuwa wangu, alikuwa wako. Unajua inavyonichoma kuandika hivyo? Nimemtunza, nimemzalia, namwogesha kwa mikono yangu, halafu nikaombe kwako kipande cha maisha yake.

Nieleze tu: alifanya kazi gani humo, alishika nini, alikuwa na nani. Mengine sikuyauliza.

Mama Watoto Wake


Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu (mimi ndiye mkubwa, hilo hata hakimu hawezi kulifuta),

Salamu zimefika. Cherehani nayo imezipokea, inasema haijambo, inadai mafuta tu. Mimi ni mzima, ila kikohozi kinanisumbua, kile cha vumbi la vitambaa, nimeshakizoea. Nimesikitika kusikia habari za mgonjwa. Nimesikitika kweli, hapo sina utani.

Sasa nawe, umemtafuta kwa jina la kwenye cheti? Nani alilijua jina hilo humo ndani? Wale waliitana majina yao. Kulikuwa na Nyundo, fundi wa boila. Kulikuwa na Babu Mvuke. Na wako huyo aliitwa Pamba. Hujui? Umelala naye miaka yote hiyo na hujui kwamba anaitwa Pamba? Pole.

Aliitwa hivyo kwa sababu jioni alitoka mweupe kuanzia nywele mpaka kope. Kazi yake ilikuwa kufunika mabomba ya mvuke yasipoteze joto. Unga wa asbesto ulikuja kwenye magunia. Waliumwaga kwenye pipa, wakatia maji, wakakoroga kwa mikono mitupu mpaka ukawa mzito kama udongo wa kukandika ukuta, kisha wakaupaka kwenye mabomba kwa viganja. Palipokauka vibaya walikata kwa msumeno, na hapo ndipo vumbi lilipopanda hadi darini. Wakichoka walirushiana matonge yake wakicheka. Ghala gani? Ghala aliliona alipokwenda kuchukua magunia.

Kiwanda hakikuwa na dobi. Ovaroli alikuja nayo nyumbani, nikaifua mimi. Kwanza niliikung'uta, tena chumbani mle mle tulimolala, kwa kuwa jirani wa chini aligombana nami nilipoikung'utia dirishani. Asubuhi mto wangu ulikuwa mweupe. Wewe ulimpata ameshaoga. Mimi nilimpata na vumbi lake lote, na sikulalamika.

Mtafute Nyundo, nasikia bado yupo. Na mwambie Pamba namsalimu. Usiseme "mtalaka wako anakusalimu". Sema "yule wa gauni jeusi". Utaona atakavyotabasamu.

Mke Mkubwa, upende usipende


Tarehe 8 Machi

Fundi Cherehani,

Salamu zako sikuzifikisha na sitazifikisha. Hali yangu hukuniuliza, nami sikuambii.

Nyundo nimempata. Macho yake yameingia ukungu, hanioni mimi wala ukuta. Nilipotaja jina la Pamba alipiga makofi. Amesema kila kitu kama ulivyosema: pipa, magunia, msumeno, matonge. Wakili akaandika yote. Nikarudi nyumbani naona tumeshinda. Haikupita wiki, wakili wa kiwanda akajibu: Pamba ni nani? Pamba anaweza kuwa mtu yeyote. Mzee asiyeona hawezi kumtambua mgonjwa wetu, na hakuna karatasi inayosema Pamba ndiye mume wangu. Kwa hiyo tumerudi pale pale, ila sasa nina jina la kuniudhi.

Halafu Nyundo akanihadithia ya gauni. Sikuuliza, alianza mwenyewe. Eti siku moja mke wa Pamba alimfuata langoni waende harusini, amevaa gauni jeusi alilolishona mwenyewe. Pamba akatoka jinsi alivyo, hajaoga, akamkumbatia mbele ya zamu nzima. Alipomwachia, mgongoni mwa gauni kulikuwa na viganja viwili vyeupe, vidole vyote vinaonekana, na zamu nzima ikashangilia. Nyundo alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akanishika mkono akauliza, "Kumbe shemeji ni wewe! Hebu niambie, yale madoa yalitoka?"

Nikamjibu yalitoka.

Sikumsahihisha. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kuwa yule mwanamke kwa muda wa kunywa glasi ya maji. Mimi hajanikumbatia mbele za watu hata mara moja. Nikimsogelea barabarani husema, "Watu wanaona." Nilidhani ndivyo alivyoumbwa. Kumbe mapenzi aliyamaliza kwako, mimi nikaletewa makombo. Nakuonea wivu, haya, nimeliandika, lichukue ukalitundike ukutani.

Wakili alipoisikia hadithi hiyo alisimama. Anasema kama gauni lingekuwapo, na vumbi likapimwa maabara, na wewe ukaapa kwamba aliyekukumbatia ndiye huyu, basi hadithi ya Nyundo na gauni lako zingeshikana, kiwanda kikose pa kutokea. Nikamwambia hakuna anayetunza gauni chafu miaka yote hiyo.

Nimekosea?

Mama Watoto


Tarehe 17 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani? Usijibu, najua. Mwandiko wako umesema. Mgonjwa vipi? Anakula?

Umekosea. Gauni ninalo.

Sikulifua kamwe. Siku ile nilimgombeza njia nzima, nikaenda harusini na nguo ya kuazima, lakini niliporudi nilitia maji kwenye beseni, nikaliangalia, nikayamwaga. Lipo ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya sanduku. Hulitoa mara moja moja nikalikunja upya, mikunjo isije ikapita juu ya vidole. Hulinusa pia. Cheka ukitaka. Baada yake walikuja wawili wa kunioa, nao wakaondoka kwa sababu moja au nyingine, na hakuna aliyeniachia hata alama ya kidole.

Nitakupa. Nitaapa mbele ya yeyote. Ila gauni sitalituma, nitalileta mwenyewe, na kabla sijalitoa kwenye mfuko nataka nikae na mgonjwa saa moja. Sisi wawili. Ndiyo bei yangu.

Na jambo moja nalitaka kutoka kwako, maana limenikaa rohoni kuliko kikohozi hiki. Nilimsihi aache kazi ile. Nilimsihi kila nilipoona anavyohema kwenye ngazi. Alinijibu, "Wewe kazi yako fua." Alipokwenda kwako aliacha mara moja, akawa dereva, safi, na shati lake la kola. Wewe ulimwambia nini mimi nisichokijua? Ni neno gani hilo?

Mke Mkubwa


Tarehe 22 Machi

Fundi Cherehani,

Mgonjwa hali chakula, anakunywa tu. Njoo Jumamosi mchana, wakili atakuwapo. Saa moja, haizidi. Mlango utakuwa wazi.

Hakukuwa na neno lolote. Alikuja na ovaroli yake, akaiweka sakafuni, nikamwambia, "Mimi hizi sifui." Basi. Nilikuwa na kucha ndefu.

Mama Watoto


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefika salama, nawe nakushukuru kwa mapokezi. Kifua kimenibana kidogo kwa zile ngazi zenu, sasa kimeachia.

Saa yangu uliihesabu vizuri sana. Uliingia na chai. Ukaingia na sukari. Ukaingia na kijiko. Ukaingia kufungua dirisha lililokuwa wazi. Na yule mteja uliyekuwa ukimsuka sebuleni, nilipotoka nilimwona kichwa upande mmoja kimesukwa, upande mwingine kimesimama kama kimetishwa. Mwombe radhi kwa niaba yangu.

Tulichozungumza nakwambia bila kuficha: hakuna. Nilimwita Pamba, akacheka, cheko lenyewe likamletea kikohozi, nikamshika mkono mpaka akalala. Nilikaa namwangalia, na nilichokiona sikukitarajia. Shuka imenyooshwa. Kucha zimekatwa. Mashati yamepigwa pasi yote, hata yale ambayo hatayavaa tena. Nilikuja nikiwa nimejiandaa kujiona mimi ndiye mke. Nikazionea wivu pasi zako, mpaka nikashindwa kuinywa ile chai. Ujana wake nilikuwa nao, lakini mtu aliyelala pale simjui, ni wako.

Wakili alipolifungua gauni mezani uligeuka ukaangalia ukutani. Nilikuona. Asante kwa kutolitazama.

Mwambie wakili maabara wakimaliza walirudishe. Wasilipige maji.

Mke Mkubwa


Tarehe 16 Juni

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Safari hii nauliza kwa kutaka kujua, nawe utaona kwa nini.

Maabara wamemaliza. Vumbi lile ni asbesto, na wamesema hata vidole vimehifadhika kwenye kitambaa. Gauni, kiapo chako na Nyundo vimeshikana kama wakili alivyosema. Kiwanda kimekubali kwa maandishi kwamba Pamba ndiye mume wangu na kwamba vumbi lao ndilo lililomuua. Nimeandika "lililomuua" kwa kuwa barua yao ilikuja tumeshamzika.

Pale makaburini nilikuona. Ulisimama nyuma kabisa, karibu na magari, na leso mdomoni. Niliwaza kukuita mbele, sikukuita. Halafu nikakusikia ukikohoa, nikakumbuka ngazi zetu, na kile kikohozi nikakitambua. Nimelala nacho pembeni mwaka mzima, siwezi kukifananisha na kingine.

Gauni halirudi. Wamelifungia kwenye mfuko wenye alama ya hatari, wakaniuliza lilitunzwa wapi, na nani alikuwa akilitoa. Wakili naye akaniuliza nani alifua zile ovaroli. Nikasema si mimi. Akasema ana wateja wengine ambao kiwandani hawakukanyaga, walifua tu, nao sasa wanaumwa. Ilikuwa mara ya kwanza sikukuonea wivu kwa kuzifua.

Kuna kitu chako kingine ninacho, na hiki nakirudisha. Wiki zake za mwisho, zile dawa zilipomchanganya, kila jioni alinishika kiganja akasema maneno yale yale. Nilijua hayakuwa yangu. Mimi nguo zake za kazi sikuwahi kuzigusa. Niliitikia "sawa" ili atulie, kisha nikayafungia moyoni, nikaapa huyapati, kwa kuwa yalikuwa mazuri kuliko yote aliyonipa mimi. Alikuwa akisema, "Usizikung'ute ndani, mama. Zilete. Nitazikung'uta mwenyewe, nje."

Ni yako. Chukua.

Na kikohozi chako usiniambie habari za vitambaa. Jumatatu asubuhi nakuja kukuchukua, tunakwenda kupigwa picha ya kifua, kwa daktari yule yule. Nimeshamwambia. Nimeshamwambia na wakili. Usibishane nami, nimefunga saluni kwa ajili yako na wateja wamenuna.

Mdogo wako


Tarehe 19 Juni

Mdogo wangu,

Njoo. Mlango utaukuta wazi, nitakuwa nimeshavaa.

Ukifika usinijulie hali kwanza. Yaseme yale maneno, kama alivyokuwa akiyasema yeye, polepole, upumzike katikati. Nishike na mkono, kama alivyokushika.

Halafu twende.

Dada