Mfalme Aliyekatwa Kichwa Yuko Louisville

Baba mkubwa Mwalimu, amani kwako na kwa mama mkubwa hapo Uvira.

Unakumbuka yule mfalme wa Wafaransa ambaye ulituchapa fimbo hadi tukakariri kifo chake? Nimemkuta hapa Louisville! Sanamu ya jiwe, kichwa kipo, mkono ameunyoosha. Hata mji unaitwa kwa jina lake.

"Bon, twende, baridi inatuua," binamu Espoir akanivuta. Nikaizunguka sanamu tena.

Donc, huyu watu wake walimuua, na ugenini akapewa mji mzima. Miye niliyewakimbia wangu, mji wa Buffalo nilihama, wa Columbus sikukaa, na hapa nimeshaanza kuulizia basi la kwenda kwingine. Nimelionea wivu jiwe, baba.

Mniombee. Nawapenda sana. Begi bado sijalifungua.

Mwanao, Bahati