Shahidi wa ubatizo wa Nyanya

Woolwich, Jumanne

Nisamehe, daftari, wiki tatu sijakuandikia. Mtoto anaota meno.

Nyanya anataka kujua jambo moja tu: kama yule mzungu anayesemekana kuwa baba yake alimkubali kuwa mtoto wake. Leo nimempata mzungu huyo, katika nyaraka za zamani. Hati ya shamba ina jina lake. Mahakamani alimshtaki jirani kwa kuwapiga risasi ng'ombe wake wawili, na ng'ombe wametajwa kwa majina. Kisha kitabu cha ubatizo cha kanisa: Nyanya yupo, mama yake yupo, mahali pa baba hapajaandikwa kitu. Mzungu amesaini chini, kama shahidi.

Nikampigia Mama, Nakuru.

"Si ndiyo hiyo! Nani huenda kubatizisha mtoto asiye wake?"

"Mama, amesaini kama shahidi."

"Wambui, achana na shahidi. Mwambie alisaini, inatosha."

Haitoshi. Lakini Nyanya ana miaka tisini, na mimi ndiye nitakayemwambia.

Mama anitumie picha ya kadi ya ubatizo, pande zote mbili, huenda huko aliandikwa baba. Pia ile barua ya shamba ambayo Nyanya ameiweka sandukuni. Na sauti ya Nyanya mwenyewe, akisema kama anataka kusikia yote.