Kitabu Ulichokishona

Kwako mama mkwe wangu, mama Nyaga,

Niwie radhi kwamba nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoichukia. Kiswahili chako chote kilikuwa maneno matatu uliyofundishwa na askari kwa kelele: simama, kipande, toka. Lakini wenzangu wa Jumamosi ndio watakaoisikia barua hii kwanza, na si wote wanaojua Kiembu. Wewe utasomewa na nani, hilo nitalifikia.

Tuko kundi la wasomaji hapa Kianjokoma. Tunakutana katika chumba cha nyuma cha kanisa, tunakunywa chai, na kila mtu anasema anasoma nini siku hizi. Fundi wa cherehani anapenda vitabu vya mauaji, na hutuambia muuaji ni nani kabla hatujakiazima kitabu. Mwalimu mstaafu husoma historia tu, tena huisoma kwa hasira. Mimi husoma asubuhi mlangoni, pale pale ulipokuwa ukikaa kusuka viondo vyako, kwa sababu mwanga wa pale bado ni mzuri. Nasoma chochote kinachonifikia. Ila nina tabia mbili wanazozicheka: siwezi kuacha kusoma katikati ya ukurasa hata kama chungu kinaungua, na siwezi kuvumilia kitabu kilicholazwa kifudifudi. Mtu akikilaza hivyo mbele yangu, nakiinua.

Wiki iliyopita zamu ilikuwa ya vitabu tunavyovipenda kuliko vyote. Nilipeleka kile kitabu chetu. Wanja, mjukuu wa jirani anayetuandalia mikutano, alikigeuzageuza mpaka akaona ulivyokishona. Huniita cucu, yaani bibi.

"Cucu, na hii uzi ni ya nini?"

"Ni ya mama mkwe."

"Si tukate tu? Mimi siwezi lala na kitabu haijaisha."

Wote walicheka, nami nikacheka. Lakini swali lake nilikwenda nalo nyumbani. Ndiyo maana nakuandikia.

Nyaga alikuja nacho siku serikali ya mkoloni ilipoifunga shule aliyokuwa akifundisha. Wenzake walibeba madawati na mabati. Yeye, mwanao wa pekee, akabeba kitabu kimoja cha kusomea cha darasa la nne, ulichokipokea kwa maneno: "Wenzako wameleta mbao, wewe umeleta makaratasi." Lakini mchana ule ule ulikuwa umekaa na kiondo magotini, ukimwambia asome polepole. Alikuwa akisoma sentensi kwa Kiswahili, kisha anaigeuza kwa Kiembu kwa ajili yako. Mimi nilikuwa bibi arusi wa juzi, bado nakuogopa, nikichambua maharagwe ya njahi kando yenu na kujifanya sisikilizi.

Hadithi ilikuwa ya mtu aliyepotelewa na ng'ombe, akavuka mto kumtafuta, akapotea yeye mwenyewe miaka na miaka. Kila kijiji alichofika walimdhania mtu mwingine. Ulimwona mjinga tangu mwanzo. "Mtu gani anaondoka kwao bila hata ndizi ya kuchoma?" Na mto wenyewe, wewe ulisema ni Rupingazi wetu, wala hakuna aliyethubutu kukubishia. Siku zile dunia ilikuwa imeanza kuharibika, watu wanachukuliwa huku na kule, lakini mchana, kwa muda wa kusuka safu chache za kiondo, tulikuwa na shida za mtu mwingine.

Tulifika mahali mtu yule amerudi. Amesimama ng'ambo, mto umefurika, anaona moshi wa jiko la mama yake. Hapo tukasikia lori. Wanaume wote waliamriwa kwenda uwanja wa soko. Nyaga akakilaza kitabu kifudifudi juu ya kigoda.

"Nikirudi tutaanzia hapa hapa," akasema, akatoka bila koti.

Hukukigusa kitabu kile siku nzima, wala hukuniruhusu mimi kukigusa. Wewe na mimi tulikizunguka kama mtoto aliyelala. Jioni lori lilikuwa limeondoka naye.

Kisha tukahamishwa. Nyumba zetu zilichomwa tukiwa tunaziona, tukapelekwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Ulichookoa ni chungu, mbegu za njahi na kitabu. Asubuhi tulikwenda kuchimba handaki lingine kando ya msitu, jioni ilikuwa kafyu, na katikati ya mambo hayo mawili ulinipa kitabu. "Rudi mwanzo," ulisema kila mara. Nilikuwa na darasa la nne la misheni. Nilisoma kwa kusuasua, na ulinivumilia. Tukifika mtoni uliinua mkono. "Basi. Huyu havuki mpaka mwenyewe arudi."

Siku moja uliona kidole changu kikianza kufunua ukurasa uliofuata. Ulinishika mkono kama mwizi wa sukari. Ukachukua sindano yako kubwa ya viondo na uzi wa mkonge, ukazishona kurasa zote za mwisho ukingoni, safu mbili, ukivuta kwa meno.

"Ataukata yeye," ukaniambia. "Tukiukata sisi, tumemzika."

Handakini niliwasimulia wanawake. Hadithi ilipanda pamoja na karai za udongo, wa chini akimwambia wa juu, na ilipofika mwisho wa mstari ng'ombe mmoja alikuwa amekuwa watatu. Hata yule homugadi aliyekuwa akitusimamia, kijana wa kwetu aliyepewa bunduki na koti la serikali, alianza kusimama karibu. Mbele ya wakubwa wake alikuwa akipiga kelele, "Wacha maneno nyinyi! Chimba!" Lakini asubuhi moja alikuja hadi ulipokuwa, akainama kana kwamba anakagua kina cha handaki, akakuuliza kwa Kiembu.

"Na yule wa ng'ombe, alivuka?"

Uliegemea jembe. "Waulize waliomchukua msomaji wetu."

Nilidhani atakupiga. Nilikwisha funga macho. Lakini aliangalia viatu vyake, kisha akasema, "Chimba, mama," na siku ile hakumpigia mtu kelele tena. Sikumsamehe. Nakumbuka tu kwamba naye alitaka kujua.

Wanaume walipoanza kurudishwa kutoka kizuizini, kila liliposemwa kwamba lori linakuja ulikwenda barabarani na kitabu ndani ya kiondo. Nilikuja nyuma yako. Walishuka wembamba, wengine hawajui wageuke upande gani, na wake zao wakawaongoza kwa mikono. Mmoja alituambia alimwona Nyaga katika kambi moja ya nyikani. Mwingine akasema la, yule aliyekuwa huko alikuwa mtu mwingine. Nilikumbuka kitabu, na nikajua nawe umekikumbuka, kwa maana ulikibana kwapani ukaanza kutembea kurudi.

Karani wa kugawa mashamba aliponitazama akauliza, "Mjane?" ulijibu kabla sijafungua mdomo.

"Ana mume. Andika hivyo."

Na shangazi za Nyaga walipokuja na wembe, kwa kuwa kwetu mke aliyefiwa hunyolewa, walikukuta umeujaza mlango. "Hapa hakuna anayenyolewa kwa uvumi," uliwaambia. Walirudi walikotoka wakinung'unika. Nitakwambia ukweli, mama: siku ile nilikuchukia. Nilitaka kulia kama wanawake wengine, nishikwe, nipikiwe uji, nilale, niamke nikiwa mtu mwenye jina. Mke sikuwa, wala mjane sikuwa. Lakini uliporudi ndani ulikaa ukatetemeka mpaka kigoda kikagonga ukuta, nami nikakufunika shuka, na hatukulizungumza jambo hilo tena mpaka unakufa. Hata siku za mwisho ulikuwa umekiweka kitabu kichwani pa kitanda. Niliurithi mlango wako, kigoda chako, na kungoja kwako.

Sasa macho. Nilikwenda kwa daktari wa macho Embu mjini. Aliniambia la kushoto limekwisha na la kulia linalifuata. Ni kijana mpole. "Cucu," akasema akiandika dawa, "kama kuna kitabu ulikuwa unaweka cha baadaye, soma sasa." Alikuwa anatania ili nisihuzunike. Nilirudi nyumbani nikakaa nikakitazama kile kitabu mpaka chai ikapoa. Niliona kwamba mimi ndiye wa mwisho ninayejua Nyaga alivyokuwa akilamba kidole kabla ya kufungua ukurasa. Nikienda bila kuukata uzi, hakuna mwingine wa kumzika.

Jana asubuhi nilikaa mahali pako mlangoni nikaukata kwa kisu cha viazi. Uzi ulikuwa mgumu. Kweli ulishona kwa hasira. Nikasoma kwa sauti, kwanza Kiswahili kisha Kiembu, kama alivyokuwa akifanya, nikilipumzisha jicho kila baada ya mstari.

Ilikuwa imebaki nusu ukurasa, mama. Miaka yote hii, nusu ukurasa. Mtu yule anaita, mama yake hamsikii kwa sauti ya maji, basi anakaa chini ukingoni kungoja mto upungue. Hapo hadithi inakwisha. Kurasa nyingine zote ulizozishona kwa bidii ile ni mazoezi ya darasa: eleza maana ya maneno haya, jaza mapengo. Nilicheka mpaka kuku wakakimbia uani. Halafu kicheko kikageuka, nikalia kile kilio ambacho shangazi walikuja kunisaidia kukilia, na safari hii hapakuwa na mtu mlangoni wa kukizuia.

Swali la mwisho kabisa linasema: Unadhani nini kilitokea baadaye?

Jumamosi nitawauliza wenzangu, na najua watabishana, maana ndiyo kazi yetu. Mimi nimekwisha jibu. Hakuvuka kuja upande wetu. Wewe ndiye uliyevuka ukamfuata, na nadhani ulimkuta bado amekaa pale pale, bila koti.

Leo Wanja amekuja na wembe. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akaninyoa taratibu, akiniombea msamaha kila aliponigusa sikio. Nywele zimeanguka nyeupe juu ya kanga, nyepesi, hata kuku hawakuzijali. Kichwa kinasikia baridi, na ndani nina uzito ambao sitegemei utaondoka. Angalau sasa nalijua jina lake.

Basi, mama, nilisema nitalifikia lile la nani atakusomea. Mpe barua hii mwanao. Mwambie asome polepole, akugeuzie kila sentensi kwa Kiembu, na akiitwa popote asiilaze kifudifudi.

Mkaza mwanao,
mjane wa Nyaga