Kiti cha Kushoto

Ikoma, 11 Februari 2024

Mwanangu Leonida,

Salamu nyingi kutoka huku getini kwa wanyama. Mimi mzima. Magoti yananisumbua asubuhi, lakini nikishaanza kufua yananisahau. Wewe hujambo? Elia ameota meno? Mumeo Godwin amepona kile kikohozi cha vumbi la machimbo?

Usishangae kuletewa karatasi. Simu yangu imezama kwenye beseni la mashuka na haikufufuka. Mpaka nipate nyingine, Nikodemo wa basi la Mugumu ndiye mtandao wangu.

Sasa sikiliza. Wageni wa hapa hotelini huja na vigari vya kusukumia watoto. Wakifika wanakuta mchanga na mawe, basi wanabeba watoto mabegani, na wakiondoka wengine hawavitaki tena. Stoo imejaa. Meneja amesema wafanyakazi tuchukue, wa zamani waanze. Wa zamani hapa ni nani kama si shangazi yako? Nimeshakitolea macho kimoja cha mtoto mmoja, cha bluu, kina hata kipaa cha kuzuia jua. Elia atakaa humo kama mkuu wa wilaya. Nijibu upesi kabla wapishi hawajakigeuza cha kubebea viazi.

Shangazi yako,
Agatha


Genkuru, 16 Februari 2024

Shikamoo shangazi,

Pole na simu, pole na magoti. Sisi hatujambo. Elia ana meno mawili na ameshaning'ata. Godwin anakohoa kidogo tu, usiku analala.

Shangazi, nimefurahi mpaka nimemsomea Godwin barua yako mara mbili. Lakini naomba kuuliza: humo stoo hakuna cha watoto wawili? Kama kipo, kikoje? Wanakaaje? Je, mtu mmoja anaweza kukisukuma kwenye kilima kama hiki chetu cha kutoka kisimani? Tairi zake ni za upepo au za mpira mtupu? Na breki inashika kweli, au ni urembo?

Nisamehe kwa maswali.

Mwanao,
Leonida


Ikoma, 25 Februari 2024

Mwanangu Leonida,

Marahaba. Niko salama, nawe uwe salama, maana barua yako imeniacha na mshangao. Wawili? Elia hajasimama bado! Una mimba na hujaniambia? Au Godwin ameleta mtu nyumbani? Sema ukweli, nijue kama nije na zawadi au na fimbo.

Hata hivyo nimeingia stoo. Viko viwili vya watoto wawili. Kimoja ni chembamba, mtoto mmoja mbele na mwingine nyuma. Kingine ni kipana, wanakaa ubavu kwa ubavu. Nikaona nisikudanganye kwa macho, nivijaribu. Nilijaza viti marobota ya taulo mbichi, nikasukuma kila kimoja kutoka kwangu mpaka jikoni. Askari wetu Yona alicheka akakaa chini. Kile chembamba kinapita popote, lakini ukipanda kilima lazima ukikandamize mikono isije pua ikainuka. Kile kipana kinakwenda kwa heshima, ila kinataka njia yake. Tairi zote ni mpira mtupu, hazipati pancha. Breki zinashika.

Nilipoviacha nje nikaenda kunywa chai, nyani mkubwa akaja akakaa kwenye kile chembamba. Alikaa kiti cha mbele. Mwenzake alipojaribu cha nyuma, alitazama mgongo wa yule wa mbele kidogo, akashuka akaenda zake. Nimeona nikuambie hilo pia.

Sasa nijibu. Wa pili ni nani?

Shangazi yako,
Agatha


Genkuru, 3 Machi 2024

Shikamoo shangazi,

Natumaini mzima. Weka fimbo chini, Godwin hana kosa na mimi sina mimba.

Wa pili anaitwa Lilian. Ana miaka miwili na zaidi kidogo. Mama yake ni Mboje, Msukuma, alipanga chumba hapa kwetu, ukuta mmoja nasi. Alikuja huku kuponda mawe ya dhahabu, kama wengi. Mwaka jana mwishoni habari zikaja kwamba kuna rashi, dhahabu mpya imeonekana, upande wa Chunya, watu wakahama kwa siku chache kama vile kijiji kimeitwa. Mboje akaniomba nimshikie mtoto kidogo tu, atafute pa kulala kwanza. Hiyo kidogo ndiyo hii mpaka leo. Hupiga simu mara mojamoja, anasema anakuja.

Watu wananiambia nisimzoee mtoto wa mtu. Mama mkwe anasema namlea ndama wa zizi la jirani, siku moja kamba itavutwa. Mimi najua. Lakini shangazi, ananiita mama, na usiku akiamka anatafuta sikio langu alishike ndipo alale. Naogopa siku Mboje atakapokuja. Naogopa pia asipokuja, maana mtoto ana mama yake. Sasa mtu anayeogopa pande zote mbili afanye nini? Namwosha, namlisha, basi.

Kwenda kliniki namweka Elia mgongoni na Lilian namshika mkono. Barabara ni ya malori, na Lilian akichoka anakaa katikati yake. Ndiyo maana nikauliza.

Naona kile chembamba kitatufaa, njia zetu ni nyembamba na mlango wetu mdogo. Swali langu ni nani akae mbele. Elia ni mchanga, nafikiri ndiye nimwone vizuri, na Lilian akae nyuma. Au unaonaje?

Mwanao,
Leonida


Ikoma, 9 Machi 2024

Leonida,

Marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho, nikakusoma tena.

Chembamba sikupi. Nasema tena, sikupi. Pima mlango wako uniletee kipimo.

Shangazi yako,
Agatha


Genkuru, 15 Machi 2024

Shikamoo shangazi,

Tumeamka salama, mvua imenyesha, tunapanda mahindi. Humo ndani ya bahasha nimetia ukanda wa kitenge. Urefu wake ndio upana wa fremu ya mlango wangu. Wa lango la uani sikupima. Baba mkwe amekataa, anasema lango lile lilikatwa kwa kumpitisha dume mwenye pembe zilizotanuka, na kitu cha kubeba watoto hakiwezi kumshinda dume. Kisha akauliza kama kigari kinakula majani.

Lakini shangazi, nimekosea nini? Mbona kile chembamba unakichukia hivyo? Ni kwa sababu ya nyani? Tangu barua yako ije nawaza. Hata Godwin anaulizia.

Mwanao,
Leonida


Ikoma, 24 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Ukanda wako nimeulaza juu ya kigari kipana. Kinapita mlangoni na vidole viwili vinabaki. Nimekifua viti kwa sabuni ya wageni, nimekipaka tairi mafuta, na leo kiko juu ya basi. Nimemwambia Nikodemo akilaze chali, kikishuka kimevunjika asirudi huku.

Kukikunja, vuta kamba nyekundu katikati. Kabla ya kumpakia mtoto yeyote, kanyaga breki kwanza. Mikanda wafunge hata kama wanalia.

La nyani tutaongea siku nyingine. Wewe sukuma.

Shangazi yako,
Agatha


Genkuru, 14 Aprili 2024

Shikamoo shangazi yetu mpendwa,

Sijui nianzie wapi. Kimefika kizima! Pale stendi kila mtu alitaka kukigusa. Bibi mmoja aliniuliza kama nimejifungua mapacha wa umri tofauti.

Lango kimepita, baba mkwe amejisifu wiki nzima. Mlango kimekataa. Nilipima fremu, shangazi, nikasahau kwamba mlango wenyewe haufunguki wote kwa sababu ya kitanda. Godwin alitoa kitanda, akarudisha kitanda, akakuna kichwa. Sasa kigari kinalala chini ya ghala la mahindi, nimekifunika turubai, na kuku mmoja amekifanya kwake. Nimemfukuza, ameudhika.

Elia amechukua kiti cha kulia, Lilian cha kushoto. Hakuna aliyewapangia. Tukitembea Lilian anamwonyesha mwenzake vitu: lori, mbuzi, mama anayekaanga samaki. Elia anageuza shingo kutazama. Siku ya kwanza kliniki Lilian alimpokonya biskuti, akaila nusu, nusu akamrudishia mkononi. Kama angekuwa nyuma yasingetokea hayo, nimeliona hilo mwenyewe. Jioni naona nawasukuma hata pasipo na safari.

Ahsante, shangazi. Bado nasubiri habari ya nyani.

Mwanao,
Leonida


Ikoma, 28 Julai 2024

Mwanangu Leonida,

Hujambo? Watoto hawajambo? Nilikuandikia Mei, nikakuandikia tena Juni, kimya. Nikodemo anasema bahasha anazitia mkononi mwako, unapokea, unashukuru, unaondoka. Nimepata simu mpya na ninaweza kupiga, lakini kwanza nakuuliza hivi hivi kwa karatasi, ili usipate nafasi ya kusema mtandao mbaya.

Kuna nini?

Shangazi yako,
Agatha


Genkuru, 4 Agosti 2024

Shikamoo shangazi,

Nisamehe. Elia na Godwin hawajambo.

Mboje alikuja Mei. Alisimama langoni na begi, amekonda, amevaa viatu vizuri. Nikamkaribisha. Lilian alimtazama, akaenda chini ya ghala, akavuta turubai, akapanda kwenye kiti chake, akakaa. Mboje akalia. Nikamwambia msukume, njoo tuende kisimani. Akasukuma yeye, mimi nikatembea pembeni. Hakujua kukata kona, nikamfundisha. Lilian akaanza kumwonyesha mbuzi na lori kama anavyomwonyesha Elia. Kurudi, wakawa wanacheka wote wawili. Hapo nikajua.

Alikaa kwetu siku kadhaa mpaka mtoto akamzoea, kisha wakaondoka kwenda kwa mama yake Mboje, Shinyanga. Hakunifanyia vibaya, shangazi, hata nikitaka kumchukia siwezi. Ni mama yake. Nilimfungia Lilian nguo na kikombe chake, nikawasindikiza hadi basi, nikarudi na kigari.

Tangu hapo hakiendi sawa. Uzito uko upande mmoja, kinavuta kulia, kuelekea kwa Elia, mpaka mkono unaniuma. Nimeweka ndoo ya maji kwenye kiti cha kushoto ili kinyooke. Kinanyooka. Lakini kila nikitazama naona ndoo.

Naomba nikirudishe kwa Nikodemo. Kama kile cha bluu cha mtoto mmoja bado kipo, niletee hicho.

Mwanao,
Leonida


Ikoma, 10 Agosti 2024

Mwanangu, mwanangu,

Marahaba. Pole sana. Ningekuwa karibu ningekuja tukae tu, hata bila kuongea.

Cha bluu kipo. Sikuletei.

Uliniuliza habari ya nyani. Wewe umekua ukijua mimi ni dada wa baba yako, na ndivyo nilivyo. Lakini baba yako na mimi hatukutoka tumbo moja. Nililetwa Kenyamonta kwa bibi yako nikiwa na miaka kama sita, mama yangu akiwa ameenda kutafuta maisha. Mahali pa kwanza nilipolelewa, kabla ya bibi yako, nilikuwa mtoto wa nyuma. Kula nyuma, kulala mlangoni, kutembea nyuma ya wenzangu. Migongo ya watu naijua vizuri kuliko sura zao. Ndiyo maana kile kigari chembamba sikukipenda.

Kwa bibi yako nilipewa kigoda changu jikoni, kando ya cha baba yako. Vilikuwa sawa. Kisha mama yangu akarudi akanichukua, kama Mboje, naye hakuwa mbaya. Nikakaa kwake miaka. Nilipopata akili ya kupanda gari mwenyewe nilikuja Kenyamonta kusalimia. Nikaingia jikoni, nikakuta kigoda pale pale. Majirani waliniambia kwamba kila mgeni aliyetaka kukikalia bibi yako alimwambia, "Hapo pana mtu, kaa huku." Miaka yote hiyo, Leonida. Nilikikalia, magoti yakafika kidevuni, nikalia mpaka chai ikapoa. Na kuanzia siku ile mimi ni shangazi yako.

Toa ndoo.

Shangazi yako,
Agatha


Genkuru, 20 Oktoba 2024

Shikamoo shangazi,

Natumaini magoti yako yanakusahau bado. Sisi wazima. Elia anatembea, akichoka anadai kigari kwa kupiga makofi kwenye tairi.

Barua yako nimeisoma nikiwa peke yangu, kisha nikampa Godwin akasoma, akatoka nje. Niliporudi kutoka shambani nikakuta amegeuza kitanda na kuhamisha bawaba za mlango. Sasa kigari kinaingia ndani. Vidole viwili vinabaki, kama ulivyosema.

Ndoo nabeba kichwani. Juzi mama mmoja tuliyetoka naye kliniki aliniomba amweke mtoto wake kwenye kile kiti kitupu mpaka njia panda. Nikamwambia nimpokee mtoto mgongoni kwangu, tena kwa furaha, lakini kwenye kiti hapana. Akaniuliza kwa nini. Nikasema, "Hapo pana mtu." Alinitazama vibaya kidogo, kisha akanipa mtoto.

Jana usiku Mboje alipiga. Lilian ana afya, ana rafiki, amejifunza Kisukuma. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kila asubuhi mtoto anauliza kigari chake kiko wapi, naye hajui amjibu nini, kwa hiyo ameona aniulize mimi. Nikamwambia kipo. Akasema, na kiti? Nikamwambia na kiti kipo, nimekifua jana. Akasema basi Krismasi watakuja.

Bado kinavuta kulia, shangazi. Mkono wangu umeshazoea.

Mwanao,
Leonida