Santuri ya Marehemu Yahya na Mtani Aliyemla Kuku

Nangurukuru, Kilwa
3 Juni 1996

Kwako Bibi Mboni, mshauri wa wasomaji, shikamoo. Naandika haya nikiomba unisaidie kabla sijaaibika, na kwanza kabisa nakuomba jina langu usilitoe.

Mimi ni fundi redio, nina kibanda hapa Nangurukuru karibu na wanapochoma mihogo, nina miaka arobaini na tisa, mke mmoja, Restuta, na ugonjwa mmoja, nao ni santuri za zamani za muziki wa dansi. Siku hizi tangu biashara iachiwe huru kila mtu ana kanda, zinateremshwa hapa kwa maboksi na vijana wananunua kama karanga, lakini sisi wachache tumebaki na santuri zetu na kila Jumamosi mchana tunakutana kibandani kwangu, mwalimu mstaafu Hussen, dereva wa lori Fidelis, na wengine wawili watatu, tunapeana habari nani bado anapiga gitaa na nani ameuza gitaa akanunua baiskeli, tunaonyeshana vioja, santuri yenye picha ya bendi nyingine kabisa kwenye jalada, na moja Fidelis aliitoa Mtwara tundu lake halikukaa katikati, mwimbaji anasikika kama amepanda trekta, basi tunabishana mpaka chai inapoa. Wananiita Mzee wa Santuri, na sitakuficha Bibi, jina hilo nalipenda.

Huku kwetu tulikuwa na bendi ikiitwa Mavuji Jazz. Ilivunjika mwaka sabini na sita, na katika maisha yake yote ilirekodi santuri moja tu, ndogo, nyimbo mbili, walikwenda mpaka Nairobi. Mwimbaji wao alikuwa Yahya, na wimbo wenyewe wa kusimamisha watu ni "Usinipikie", alimtungia mkewe Bi Kidawa, anamwambia leo nina dansi nitachelewa usinipikie. Kiwandani walikosea wakabandika karatasi za pande mbili kwa kubadilishana, ukitaka "Usinipikie" sharti uweke upande ulioandikwa jina la wimbo mwingine, na mwisho kabisa, ala zimeshanyamaza na sindano inakaribia katikati, unamsikia Yahya kwa sauti yake ya kawaida, si ya kuimba, anauliza, "Tumemaliza?" na mtu anacheka. Bibi, mimi nimeshika santuri nyingi lakini sijaona kama hiyo. Kwa tunavyojua imebaki moja tu duniani, ile aliyokuwa nayo Yahya mwenyewe, na hiyo moja ninayo mimi.

Nimeipataje, ndiyo dhambi yangu. Ukoo wetu na ukoo wa Yahya ni watani tangu kwa mababu. Yahya alipofariki mwaka juzi nilikwenda msibani nikafanya yanayompasa mtani, nikavaa koti la marehemu, nikatembea mwendo wake wa kuyumba, nikalalamika mbona chai ya msiba haina sukari kama yeye alivyokuwa akilalamika, waliokuwa wanalia wakacheka, hata Bi Kidawa pale alipokaa ukutani alicheka akajifunika kanga. Na kama desturi, watani tukachukua vitu, huyu birika, huyu kigoda, kwamba vitu hivi vimetekwa, wafiwa waje wavikomboe kwa kuku siku ya arobaini. Mimi niliichukua santuri, nikaiingiza ndani ya lile koti, jalada nikaliacha. Koti nilirudisha kesho yake, santuri nikabaki nayo. Arobaini ilipofika wenzangu walipeleka birika na kigoda wakapewa kuku wao, mimi nilimwambia Restuta nina homa, nikabaki nyumbani, na alipotoka nikaipiga mara sita. Tangu hapo naipiga Restuta akienda mazoezi ya kwaya, mlango nimefunga, wala wale wenzangu wa Jumamosi hawajui, nimewaambia santuri ile bila shaka ilipotea na mambo ya msiba.

Sasa Fidelis karudi safari na habari kwamba Mavuji Jazz wanaungana tena. Wamebaki wanne, mpiga gitaa la solo Valentini sasa analima korosho Kilangala, wamekubaliana kupiga dansi Kilwa Masoko siku ya Sabasaba, mara moja tu, baada ya miaka ishirini. Kibandani ilikuwa vita. Mwalimu Hussen alisema bila Yahya hiyo si Mavuji Jazz, hayo ni makombo, Fidelis akamwambia mwalimu makombo ya pilau bado ni pilau, nusura washikane. Lakini Valentini kasema "Usinipikie" haupigi asipousikia kwanza, vidole vimesahau na hataki kumwaibisha marehemu kwa kubahatisha. Wote wakanigeukia mimi. Nikasema tutaitafuta.

Wiki iliyopita akaja Bi Kidawa mwenyewe, alimpita fundi mwenzangu pale mwanzo wa njia akaja moja kwa moja kwangu. Nikampa shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mtani." Akatoa kwenye kanga lile jalada tupu akaliweka mezani kwangu, akasema, "Nyumba hii hapa, mwenyewe katoka matembezi. Wewe ndiye unayejua santuri zinakokwenda, mtani, nitafutie. Miaka yote aliniimbia nisimpikie na mimi nilipika, sasa nataka huo wimbo upigwe nikiwa nimekaa mbele." Nikamwambia nina jamaa Dar nitamwandikia. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, mwandikie." Halafu akateremsha chini kuku jike mwekundu amefungwa miguu, "Na huyu mchukue, mtani, jambo liende kwa kanuni yake." Nilimshukuru kwa kunijali, na Jumapili Restuta alimpika kwa nazi.

Bibi Mboni, sikuombi unishauri kama niirudishe. Nimeshaamua, narudisha kabla ya Sabasaba, hata mvua ya mawe inyeshe. Nataka uniambie nirudishe vipi jina langu lisivunjike. Nimewaza niirekodi kwenye kanda nimpe kanda tu, au niseme imetoka kwa yule jamaa wa Dar, au niipenyeze chini ya mlango wake akiwa sokoni. Ipi kati ya hizo ina heshima?

Mzee wa Santuri

*

Mzee wa Santuri, marahaba.

Hakuna hata moja. Na hiyo ya mlango ni mbaya kuliko zote, kwa sababu santuri ni kitu cha kuvunjika, na ukiivunja chini ya mlango wa mjane sitakujibu barua nyingine.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilikasirika, mara ya tatu nilicheka peke yangu hapa ofisini mpaka wakaja kuniuliza kuna nini. Mimi nimezaliwa Kilangala, baba. Hayo ya watani kuteka vitu msibani nimeyaona tangu nabebwa mgongoni, na ndiyo maana nakuuliza swali moja: yule kuku ulidhani ni wa nini?

Unasema mwenyewe, vitu vilivyotekwa hukombolewa kwa kuku. Unasema mwenyewe, Bi Kidawa alikuja na kuku, akakuita mtani si mara moja, akakuwekea mbele jalada la santuri, akakwambia jambo liende kwa kanuni yake. Alimpita fundi mwingine akaja kwako. Mama huyo hakuja kukuagiza utafute kitu. Alikuja kukomboa mali yake. Alikaa pale ukutani siku ya msiba akakuona unaingia chumbani na koti limelala na unatoka na koti limevimba, akanyamaza miaka miwili, akasubiri arobaini hukuja, na bado hakukuita mwizi. Alikuja na kuku ili uweze kucheka, uinuke, ufungue kabati, umpe santuri, na muachane watani kama mlivyokuwa. Mlango aliufungua mpaka mwisho. Na wewe ukamwambia una jamaa Dar, kisha ukamla kuku na nazi juu.

Basi ujue mahali ulipo. Kabla ya siku ile ulikuwa mtani aliyechelewa, na kuchelewa kunasameheka. Tangu Jumapili ile una santuri ambayo mwenyewe keshaikomboa. Huo si utani tena, na jina lake unalijua, mimi sitaliandika gazetini kwa sababu bado nina matumaini na wewe.

Usifikiri sikuelewi. Mtu anaweza kukaa na sauti ya marehemu kabatini akajiona ndiye anayeitunza kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye anayejua karatasi zimebandikwa kinyume na mwisho wake kuna neno moja la kuuliza. Nakubali, pengine hakuna mtu Kilwa nzima aliyeisikiliza kwa makini kama wewe. Lakini yule aliyeuliza "Tumemaliza?" alikuwa mume wa mtu. Wewe umemsikia mara ngapi kwa miaka miwili, mlango umefunga? Mkewe amemsikia mara ngapi? Hesabu hiyo uifanye mwenyewe, inaniumiza.

Sasa nisikilize, na usipunguze hata moja.

Kanda usimpe. Hakuja na jalada la kanda. Yule jamaa wa Dar mzike leo, hakuwahi kuzaliwa. Uongo ule ulimwambia Bi Kidawa usoni, kwa hiyo utaufuta usoni, si kwa barua, si kwa kumtuma Restuta. Na Restuta mwambie kabla hujatoka nyumbani, maskini kampika kuku wa watu bila kujua.

Nunua kuku wawili, majike, wanono, usiende na vifaranga. Mmoja ni wa kulipa yule uliyemla. Wa pili ni faini ya kuchelewa, maana mtani aliyekosa hutozwa, na ukienda na mmoja utaonekana unapima. Gramafoni yako ichukue na betri mpya. Uende mchana, watu wakiwa barazani. Najua ungependa magharibi, njia ikiwa tupu, lakini uliiteka nyumba imejaa watu na utairudisha mbele za watu. Ukifika usianze hadithi ndefu. Sema: mtani, nimekuja na mateka wako, kuku wako nilimla, na ninayo faini. Halafu unyamaze. Atakusema. Huenda atakuvalisha koti la marehemu akuzungushe kijiji kizima, na majirani watakucheka mpaka jua lizame. Ucheke nao. Hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya wewe kutoka hapo ukiwa mtani, na ni yeye aliyekuachia, si mimi.

Ukishasemwa vya kutosha, mwulize kama anataka kuisikia. Akitaka, weka upande ulio sahihi, hilo hakuna anayelijua kuliko wewe, na likikaribia lile neno la mwisho, wewe inuka utoke nje. Hilo ni lake. Usimtazame usoni ili uje kuwasimulia wenzako wa Jumamosi jinsi alivyokuwa.

Kwenda kwa Valentini Kilangala ni kazi ya Bi Kidawa kuamua. Akikutuma, nenda. Akimtuma mwingine, mfungie santuri vizuri, weka kitambaa na kadibodi, mpe. Ukishairudisha usiombe uirekodi. Akikuruhusu mwenyewe, shukuru. Asipokuruhusu, utamsikia Valentini akiupiga Sabasaba kama watu wengine wote.

Na Jumamosi utawaambia mwalimu na dereva ukweli, wote, chai ikiwa bado ya moto. Unaogopa hawatakuita tena Mzee wa Santuri. Huenda. Mwalimu atanuna, walimu hununa, mpe mwezi. Lakini Masoko siku hiyo mtakaa pamoja mkibishana kama hao jukwaani ni Mavuji Jazz au ni makombo, na hutakuwa umekaa pale na kitu cha mtu kabatini wakati mwenyewe yuko mbele anangoja wimbo ambao haupigwi. Ungeweza kukaa hivyo? Mimi nasema usingeweza, na ndiyo maana uliniandikia.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Fundi redio wa Nangurukuru mwenye gramafoni siwezi kumficha, yuko mmoja. Gazeti hili linateremka hapo kwenu na basi la asubuhi, na kabla ya adhuhuri kutakuwa na mtu amekaa barazani kwa Bi Kidawa anamsomea ukurasa huu kwa sauti. Mpaka hapa ulipofika kusoma, mtu huyo hajafika kwake bado. Kunja gazeti, kuku wanauzwa hapo hapo stendi.

Bibi Mboni